Kodi yako inakaa upande gani? Folda, kontena na mashine pepe

Swali naloulizwa sana na madevelopa wanaoanza: kwa nini projekti ya Laravel au Node kwenye laptopu ya Linux ya mwenzangu inafunguka fasta, kwangu kwenye Windows au Mac inakokota, na wote tunatumia Docker ileile (programu inayorani projekti ndani ya kontena, yaani boksi lililotengwa lenye kila kitu inachohitaji)? Angalia folda kwanza kabla hujailaumu Docker.

Kwenye Linux kontena inatumia keneli (kiini cha mfumo) hiyohiyo ya laptopu, kwa hiyo ukimaunti (yaani ukiunganisha) folda ya kodi ndani yake ni faili zilezile kwenye diski ileile, hakuna kinachosafiri. Mac na Windows hazina keneli ya Linux, so Docker Desktop inawasha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) kimyakimya, kontena zako zinaishi humo ndani na kodi imebaki nje, kila faili ikisomwa lazima ivuke mpaka. Kinachoua ni idadi kuliko ukubwa. Video moja ya giga mbili itapita vizuri tu, ila node_modules (folda ya maktaba za Node) ina maelfu ya vifaili na kila kimoja kinataka kukaguliwa peke yake, ni foleni ya malori Tunduma kabisa.

Windows ndo inachanganya watu zaidi. WSL 2 (njia ya Microsoft ya kurani Linux ndani ya Windows), iliyotoka rasmi 2020, ni mashine pepe yenye keneli halisi ya Linux, na ukiwa Ubuntu (Linux iliyo humo) ukaingia /mnt/c/Users unasoma diski ya Windows kupitia protokoli ya 9P (utaratibu wa kupitisha faili kati ya mifumo), ambayo ilitengenezwa Bell Labs kwa ajili ya mfumo wa Plan 9. Jaribu mwenyewe: kloni repo kubwa ndani ya /mnt/c, kloni tena ileile kwenye ~/kazi, halafu piga `git status` kote kuwili. Ya /mnt/c itakokota, hutahitaji mtu wa kukuelezea.

Na kuna hili la kusevu bila kitu kubadilika kwenye brauza. Linux inatumia inotify kuiambia programu kwamba faili imeguswa, sasa ukiediti kutoka Windows faili iliyoko /mnt/c ile taarifa haivuki, Vite (tuli inayorifreshi brauza ukibadilisha kodi) inakaa tu haijui. Watu wanawasha polling, yaani programu inazunguka kukagua faili moja moja muda wote, inafanya kazi kweli ila prosesa inachemka na betri inaisha.

Mimi nasema hivi: kodi ikae upande wa Linux, kinachovuka kiwe edita. Kwenye VS Code weka ekstensheni ya WSL, ingia ~/kazi, andika `code .` na dirisha linafunguka Windows kama kawaida ila kuna seva ndogo inayosoma faili hukohuko ziliko. Kwa mashine pepe au seva ya mbali ni ekstensheni ya Remote SSH, mambo ni yaleyale. Mac washa VirtioFS (njia ya haraka ya kushea faili na mashine pepe) kwenye setingi za Docker Desktop, na node_modules ipe volyumu yake (hifadhi inayosimamiwa na Docker upande wa Linux) ndani ya kontena, maana pia vitu kama esbuild (tuli ya kufungasha kodi ya JavaScript) vilivyoinstoliwa kwa Mac havikubali kurani kwenye Linux.

Kama bado uko na VirtualBox na Vagrant (programu za kuendesha mashine pepe), umebadilisha CSS na nginx (seva ya wavuti) inakuletea ya zamani, weka `sendfile off;` kwenye konfigi. Ni tatizo la muda mrefu la zile folda za kushea.

Wa Linux nao wana lao: kontena ikirani kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo), faili inazozalisha kwenye folda yako zinakuwa za root na edita inakataa kusevu. Tafadhali usipige `chmod -R 777` (kumpa kila mtu ruhusa zote), Git itaona faili zote zimebadilika kwa sababu inarekodi ruhusa ya kuekzekyuti, na hiyo komiti ikifika kwa wenzako ni fujo. Rudisha umiliki kwa `sudo chown -R $USER .` halafu kontena uirani na `--user $(id -u):$(id -g)`.