Kuua virusi maabarani si kumkinga mtu

Hapa Kisumu nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, sokoni na hata kwenye vikao vya chama vya akina mama: "Jeli hii ni maikrobisaidi, imepimwa maabara, inaua virusi vya UKIMWI." Yote matatu yanaweza kuwa kweli, na bado anayeitumia asiwe na kinga yoyote.

Maikrobisaidi ni dawa inayowekwa ukeni au kwenye njia ya haja kubwa, iwe jeli au pete, ili kuzuia VVU wakati wa kujamiiana. Hilo halina utata. Utata uko kwenye hicho kipimo cha maabara.

Kipimo cha mwanzo hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo. Ndani yake kuna seli za binadamu zilizotengenezwa ili zitoe mwanga zikiambukizwa. Zinawekewa virusi pamoja na dawa kwa viwango mbalimbali, na baada ya siku mbili hivi mashine inapima mwanga. Kishimo chenye giza kinaonyesha kuwa virusi havikuingia. Lakini seli iliyokufa nayo haitoi mwanga! Ndiyo maana lazima pawe na kipimo cha pili, cha kuhesabu seli zilizobaki hai. Asiyekuonyesha hicho cha pili hajakuonyesha kitu.

Nonoksinoli-9 ndiyo iliyotufunza hili kwa uchungu. Ni kemikali ya jamii ya sabuni iliyotumika miaka mingi kuua mbegu za kiume, na maabarani iliviua VVU vizuri sana. Tatizo ni kwamba kirusi hiki hujifunika utando wa mafuta kinaouchukua kwenye seli ya binadamu kinapotoka, kwa hiyo sabuni inayopasua utando huo hupasua na ngozi laini ya ukeni. Jaribio lililofanywa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand lilitoa matokeo yake mwaka 2000: walioitumia mara nyingi zaidi kwa siku waliambukizwa zaidi. Dawa iliwachubua, ikafungua njia.

Maji ya ndimu, ambayo baadhi ya wanawake hujioshea ndani, ni yale yale. Yakiwa makali ya kutosha kuua virusi, huua na seli za mwili.

Isitoshe, sahani haina shahawa. Uke wenye afya una asidi inayotunzwa na bakteria wazuri. Shahawa ikiingia asidi hupungua, na dawa iliyotamba kwenye sahani inaweza kulegea. Watafiti makini hurudia vipimo dawa ikiwa imechanganywa na shahawa, hupima kama bakteria wale wamesalimika, halafu hujaribu kwenye vipande vya mlango wa kizazi vilivyotolewa wakati wa upasuaji. Hata hivyo selulosi salfeti, jeli nyingine ya maikrobisaidi, ilivuka maabara, na mwaka 2007 majaribio yake kwa wanawake yakasimamishwa kabla ya wakati.

Tena maabarani hakuna anayesahau kutumia dawa. Hapa jirani, Bondo, palikuwa na kituo kimojawapo cha jaribio la vidonge vya kila siku vya PrEP, yaani dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, lililosimamishwa mwaka 2011. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa wengi wa washiriki hawakuwa wakivimeza, na kinga haikuonekana. Pete ya dapivirini, inayokaa ukeni mwezi mzima, ilijaribiwa kwa wanawake wa Afrika, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 27 katika jaribio moja na 31 katika lingine. Hizo ndizo namba za kinga.

Kwa hiyo, dada unayeuza jeli, sema "ilizuia virusi kwenye seli maabarani", ikiwa kweli ilizuia. Mwambie na mteja wako kama haijajaribiwa kwa wanawake, na umwelekeze kituo cha afya cha serikali, ambako PrEP hutolewa bure.