Jani lililoliwa kabla ya kuwa jiwe

Mtu akija kuona kazi yangu ya kuchunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, kitu cha kwanza anachoomba ni mdudu aliyenaswa kwenye kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Namwelewa. Mdudu yule yuko mzima, hata vinyweleo vya miguuni vinahesabika. Lakini mimi nikiambiwa nichague kisukuku kimoja tu cha kukaa nacho kutwa nzima, nitachukua jani lenye tundu. Katika tundu lile naona mdudu alivyokula, sehemu aliyoipenda, na namna mmea ulivyomjibu.

Kwanza ni lazima nijiridhishe kwamba tundu lenyewe ni la mdudu. Majani huchanika majini, huoza, hukwaruzwa na mchanga kabla ya kufunikwa na tope. Kwa hiyo naliweka jani chini ya hadubini, mwanga nauleta kwa ubavuni ili kila kijibonde kitoe kivuli, kisha nautafuta ukingo wa jeraha. Jani lililotafunwa likiwa hai hujitibu: seli za kando ya kidonda huongezeka na kukakamaa, na kovu hilo huonekana hata baada ya mamilioni ya miaka kama uzi mweusi, mnene kuliko jani lenyewe. Ukingo nao mara nyingi una vijipinde vya nusu duara, alama za taya zilizokuwa zikisogea hatua kwa hatua. Vijishipa vilivyomshinda mlaji hubaki vimechomoza kama nyuzi za nguo iliyochakaa. Niliwahi kushinda siku mbili juu ya jani moja nikilipima tundu lake, mwishowe nikaandika kuwa ni mpasuko wa kawaida. Halikuwa na kovu, na bila kovu siwezi kumsingizia mdudu.

Uhusiano huu wa mdudu na mmea umelitangulia ua la kwanza kwa muda mrefu mno. Huko Illinois, Marekani, vimepatikana vikonyo vya Psaronius, kangaga aliyekuwa na umbo la mti, vyenye umri wa miaka milioni 300 hivi. Ndani ya kikonyo buu alikuwa akila nyama laini ya katikati, na mmea ukavimba na kumzungushia tishu mpya. Vinyesi vyake vimo humohumo. Hiyo ndiyo nundu: mdudu anaulazimisha mmea umjengee nyumba na kumlisha humo ndani. Nundu za aina hiyo zipo kwenye mimea mingi leo, na kila nikiziona nakumbuka kwamba mtindo huu ulianza hata dinosaria hawajatokea.

Uchavushaji nao si mali ya maua peke yake. Nchini China, kwenye miamba ya Jurasiki ya miaka milioni 165 hivi, wamo wadudu waitwao kaligramatidi. Ukiwaona utaapa kuwa ni vipepeo: mabawa mapana yenye madoa kama macho, na mrija mrefu mdomoni. Kumbe ni wa ukoo mwingine kabisa, na walitoweka bila kuacha kizazi. Inaelekea walikuwa wakifyonza matone yanayotoka kwenye koni za mimea isiyo na maua. Na katika kaharabu ya kaskazini mwa Hispania, yenye miaka zaidi ya milioni 100, wamo thripsi, wadudu wadogo mno, waliobeba mamia ya chembe za chavua ya mimea isiyo na maua.

Hata hivyo alama ya mlo inaweza kuzua ubishi mkali. Mwaka 2000 yalitangazwa majani ya jamii ya tangawizi kutoka North Dakota na Wyoming, majimbo ya Marekani, ya zamani zaidi yakiwa ya mwisho wa enzi ya dinosaria, yenye michirizi iliyofuata mishipa. Watafiti walisema ni kazi ya mbawakawa wanaoishi ndani ya majani machanga yaliyojikunja, na kwamba ukoo huo una umri mkubwa kwa angalau miaka milioni 20 kuliko visukuku vya miili yao vilivyokuwa vikionyesha. Mwaka 2008 wengine wakalinganisha michirizi hiyo na ya mbawakawa walio hai leo, wakasema hailingani. Kwangu mimi pingamizi hilo lina uzito. Wadudu wa koo tofauti wanaweza kula jani kwa namna moja, na kovu halina saini.

Lakini majani mengi kwa pamoja yana nguvu ambayo jani moja halina. Katika miamba ya North Dakota, ukivuka mpaka wa miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria walipoangamia, alama za walaji waliozoea mmea mmoja au miwili hupungua ghafla. Zile za walaji wa kila kitu huendelea. Huko Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, wingi wa aina za alama ulirudi baada ya takriban miaka milioni 4; magharibi ya Marekani ilichukua kama milioni 9.

Jani ninalolipenda kuliko yote linatoka Messel, Ujerumani, lina miaka milioni 48. Kando ya mishipa yake kuna vidoti viwiliviwili, kimoja huku na kimoja kule, kama alama za koleo. Leo alama kama hizo huachwa na sisimizi walioingiliwa na kuvu wa jamii ya Ophiocordyceps. Kuvu humfanya sisimizi atoke kwenye njia zake, ashike mshipa wa jani kwa taya zake na kufia hapohapo, kisha kishina cha kuvu huchomoza kichwani mwake na kumwaga chembe zake za uzazi. Kwenye jani la Messel sisimizi hayupo, na kuvu hayupo. Zimebaki alama za meno tu, pande zote mbili za mshipa.