Uso wa saa uliokosa wanunuzi

Nimeishika mara mbili tu katika miaka yangu yote ya ufundi saa: Rolex Daytona namba 6239, yenye uso ambao wakusanyaji wanauita "Paul Newman". Ni kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kuanzisha na kusimamisha kupima muda: ya chuma, upana wake kama milimita 37, ya kutia ufunguo kwa mkono, haina hata tarehe. Watu huniuliza inakuwaje kitu kama hicho kipite bei ya nyumba.

Wengi hudhani siri iko kwenye mashine. Na mashine yenyewe ni tamu, sibishi. Ukibonyeza kitufe cha juu, gurudumu dogo lenye nguzo linageuka hatua moja, wenzo unasogea, meno ya gurudumu moja yanaingia kwenye meno ya jingine, na akrabu ndefu ya sekunde inaondoka. Ukiisimamisha kisha ukabonyeza kitufe cha chini, nyundo ndogo inapiga kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Umbo hilo ndilo linaloilazimisha akrabu kurudi sifuri, popote ilipokuwa. Lakini mashine hiyo msingi wake ni Valjoux 72, mashine ya kiwanda kingine, ileile iliyomo ndani ya saa za Heuer Carrera za miaka ya 1960. Kwa hiyo tofauti ya bei haitoki huko.

Inatoka usoni. Rolex ilipoitoa 6239 mwaka 1963, kulikuwa na uso wa kawaida, na baadaye ukaja huu mwingine uliotengenezwa na kampuni ya Singer ya Uswisi. Wateja hawakuutaka. Waliuona una makeke. Kwa kuwa haukununuliwa, zilizobaki leo ni chache.

Chukua lensi tuutazame. Ukingo wa nje, penye vistari vya sekunde, una rangi yake na umekaa chini kidogo kuliko sehemu ya kati. Ukiinamisha saa kwenye mwanga unaiona ngazi hiyo. Ndani ya viduara vitatu vidogo vilivyomo usoni, vistari vinaishia kwa vimraba vidogo. Kiduara cha kushoto kimeandikwa 15, 30, 45, 60, wakati kwenye uso wa kawaida ni 20, 40, 60. Uso wa bandia mara nyingi hunaswa hapa: ngazi haipo, au vimraba vimevimba kwa wino.

Jina lilikuja baadaye. Mwigizaji Paul Newman alipoingia kwenye mbio za magari, mkewe Joanne Woodward alimnunulia moja na kuichongesha mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Newman aliivaa miaka mingi, kisha mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Oktoba 2017 iliuzwa kwenye mnada wa Phillips, New York, kwa dola 17,752,500. Mimi naamini yale maneno ya mgongoni yalipandisha bei kuliko kitu kingine chochote. Ni mke anamwomba mumewe arudi salama, na saa imeyabeba mwilini.

Ndiyo maana alama za matumizi zina thamani. Nilipokuwa kijana kazini, mzee mmoja aliniletea kronografu yake ya zamani irekebishwe. Nikaona nimfanyie hisani: nikaipiga msasa na kuing'arisha kasha mpaka ikameta. Kingo kali za kiwandani zikawa duara, na maandishi ya mgongoni yakabaki kivuli. Alipoipokea aliigeuza, akapitisha kidole gumba pale mgongoni, akalipa, akaondoka bila neno. Yalikuwa yameandikwa na baba yake.

Siku hizi nasafisha mashine, natia mafuta, nabadilisha kamani ikichoka. Kasha na uso sivigusi mpaka mwenyewe aniambie, tena nikishamuuliza mara mbili.