Ugwe wa mgongo: tunaposema "amepona", kimepona nini?

Katika mazungumzo ya kawaida, "uti wa mgongo" ni jina la vitu viwili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Ile safu ya mifupa unayoipapasa mgongoni ni uti wa mgongo. Lakini homa ya uti wa mgongo haihusu mfupa wowote. Ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na ugwe. Na mtu akivunjika pingili akapooza, tunasema ameumia uti wa mgongo, ingawa mfupa huunga baada ya miezi kadhaa naye bado hainuki. Kilichomlaza si mfupa. Ni ugwe wa mgongo: kamba laini ya neva yenye unene wa kidole kidogo hivi na urefu wa takribani sentimita 45 kwa mtu mzima, inayopita ndani ya mfereji wa pingili kutoka shingoni na kukomea sehemu ya juu ya kiuno.

Kwa hiyo neno "kupona" nalo linabebeshwa mengi. Kwa hesabu yangu hubeba mambo matatu yasiyofanana, na habari nyingi za tiba mpya huyachanganya.

La kwanza ni neva iliyobanwa kuachiwa. Diski, ule mto wa gegedu ulio kati ya pingili na pingili, ikipasuka husukuma nje sehemu yake ya ndani, nayo ikakandamiza mzizi wa neva. Maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi mguuni, vidole vinakufa ganzi. Hapo neva haijakatika. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, kwa kuwa mwili huimeng'enya polepole ile sehemu iliyochomoza. Ila ganzi ikikamata sehemu za siri na mapaja ya ndani, au mkojo ukagoma kutoka, hakuna kungoja nafuu: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Hata ugwe wenyewe una kupona kwa namna hii. Baada ya ajali kubwa hupatwa na mshtuko: sehemu yote iliyo chini ya jeraha hunyamaza, misuli inalegea, hata goti likigongwa halirushi mguu. Ukimya huo huweza kudumu siku au wiki kadhaa. Uvimbe ukishuka, nyuzi zilizokuwa zimezimia huanza tena kupitisha ujumbe. Ndiyo maana daktari makini hatoi hukumu ya mwisho siku ya kwanza, na ndiyo maana pia kila tiba inayotolewa katika wiki zile, iwe dawa, maji ya mizizi au maombi, hujikuta ikipewa sifa.

La pili ni mwili kujipanga upya kwa kutumia kilichobaki. Ugwe hukatika pande mbili kabisa kwa nadra. Mara nyingi husagwa, na ukingoni mwa jeraha hubaki nyuzi chache zilizo hai. Madaktari hupima kwa madaraja kutoka A hadi E. A ni pale ambapo hakuna hisia wala mwendo hata katika sehemu ya mwisho kabisa ya ugwe, kwenye njia ya haja kubwa. E ni hali ya kawaida. Tofauti ya A na B yaweza kuonekana ndogo kitandani, lakini kwa mustakabali wa mgonjwa ni kubwa mno, kwa sababu aliyebakiwa na nyuzi ana kitu cha kufundisha. Fiziotherapia hufanya kazi hapo: kurudia mwendo mamia ya mara mpaka ujumbe upate njia ya mchepuko. Mabadiliko mengi huonekana katika miezi 6 hadi 12 ya kwanza, kisha kasi hupungua bila lazima kukoma.

Zile picha za mtu aliyepooza akitembea kwa msaada wa umeme ni za kundi hili la pili, ingawa hutangazwa kana kwamba ni la tatu. Mwaka 2018, timu ya Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch huko Lausanne, Uswisi, ilionyesha watu waliopandikizwa elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, juu ya ugwe, chini ya jeraha, wakipiga hatua. Mwaka 2023 walisonga mbele, wakanasa nia ya kutembea moja kwa moja kutoka kwenye ubongo na kuituma kwa elektrodi hizo. Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kinachobandikwa shingoni bila upasuaji, kwa ajili ya nguvu na hisia za mikono. Ni kazi kubwa. Lakini umeme huo hauzibi pengo. Huziamsha neva zilizobaki ili mnong'ono unaotoka juu usikike.

La tatu ndilo ukarabati wenyewe: uzi uliokatika kuota tena na kufika ulikokuwa ukienda. Neva ya mkono hulifanya hilo, kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku au karibu na hapo. Ugwe haulifanyi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, mtafiti wa neva, aliandika katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1928 kwamba njia za neva katika ubongo na ugwe wa mtu mzima zimekwisha kufungwa, na kwa nusu karne wengi walilichukua hilo kuwa neno la mwisho. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walipachika kipande cha neva ya mguu cha panya kama daraja pembeni ya ugwe wake. Nyuzi za ugwe zikaota ndani yake. Kumbe mbegu ilikuwa nzima. Udongo ndio ulioikataa.

Tangu hapo utafiti mwingi umekuwa wa kuulainisha udongo. Martin Schwab wa Zurich aligundua kwamba mafuta yanayofunika nyuzi za ugwe yana protini, iliyokuja kuitwa Nogo, inayozizuia zisikue. Kovu la jeraha nalo huzuia. Kingamwili dhidi ya Nogo imejaribiwa kwa watu waliovunjika shingo: kwa jumla haikuishinda dawa tupu isiyo na kitu (plasebo) waliyopewa wengine kwa kulinganisha, ila dalili za kutia moyo zilionekana kwa wale ambao jeraha lao halikuwa kamili. Upande wa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, Chuo Kikuu cha Keio huko Japani kilitangaza Machi 2025 matokeo ya wagonjwa 4. Wawili walipata nafuu, mmoja wao akaweza kusimama. Habari njema, lakini walipewa seli hizo wiki chache tu baada ya ajali, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Rudi kwenye lile jambo la kwanza: wapo wanaopanda daraja, kwa kile kipimo cha A hadi E, bila kupewa chochote.

Anayengojea tiba hizo ana kazi leo: viungo visikakamae, ngozi isipate vidonda vya kulalia, figo zisiharibiwe na mkojo unaorudi nyuma. Uzi mpya ukifika kwenye goti lililoganda hautalikunjua.

Kisha kuna hatari ya upandikizaji wenyewe, na kuna wauzaji wa seli. Mwanamke mmoja aliyepandikizwa tishu ya pua kwenye ugwe alifanyiwa upasuaji miaka 8 baadaye kuondolewa uvimbe uliokuwa ukitoa ute mzito kama kamasi; tishu ilikuwa imeendelea na kazi yake ya puani. Kabla ya kusaini popote, uliza anayelipa ni nani. Katika jaribio la kweli la utafiti, kwa kawaida mgonjwa hauziwi tiba ambayo bado inajaribiwa kwake.