Kwa nini meli zikikwepa Suez, bei hupanda Kariakoo?

Ukitazama ramani, swali hili linashangaza. Mzigo unaopakiwa Guangzhou au Ningbo kuja Dar es Salaam hushuka Bahari ya China Kusini, hupenya mlango wa Malacca kati ya Malaysia na Indonesia, kisha hukata Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Mfereji wa Suez uko mbali kaskazini, na mzigo huo haukatizi hata karibu yake. Lakini Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, njia ya kuingilia Suez, mwishoni mwa 2023, nauli za makontena zilipanda mwaka uliofuata hata kwenye njia zisizogusa bahari hiyo, zikiwemo za kuja Afrika Mashariki.

Jibu liko kwenye hesabu ya meli. Chukulia safari ya kutoka China hadi Ulaya na kurudi inachukua wiki 11. Kampuni inayotaka meli moja iondoke kila wiki lazima iwe na meli 11 kwenye njia hiyo. Sasa meli zote zizungukie Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Umbali wa Singapore hadi Rotterdam unaongezeka kwa takriban kilomita 6,000, na mzunguko mzima unaweza kufika wiki 13. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja, ila meli zinazohitajika ni 13. Hizo mbili zinatoka wapi? Meli ya makontena haiundwi kwa mwezi mmoja, kwa hiyo zinakodiwa kwa bei ya juu au zinaondolewa kwenye njia nyingine. Mkazi yeyote wa Dar ameshaona daladala za njia yake zikikatisha ruti kwenda kubeba abiria wa kwingine wanaolipa zaidi. Anayebaki kituoni hulipa atakachoambiwa, au asubiri.

Na si meli peke yake. Kontena lililopaswa kushushwa Ulaya, likarudi tupu China na kupakiwa tena, sasa linakaa baharini wiki mbili zaidi. Makontena matupu yanapungua pale Ningbo, na anayetaka kuleta vyombo vya plastiki Dar anayagombania na anayepeleka televisheni Hamburg. Tena makontena mengi ya kwetu hayaji kwa meli moja: hushushwa kwenye bandari kubwa njiani, kama Singapore, Colombo au Salalah, yakangoja meli nyingine. Katikati ya 2024 Singapore ilifurika mizigo kwa sababu ratiba za meli zilikuwa zimevurugika, na foleni ya pale ni ucheleweshaji wa hapa.

Ongezeko hilo likifika Dar linazaa. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozi ushuru kwenye bei ya kiwandani pekee; inajumlisha bei ya mzigo, bima na nauli mpaka bandarini, ndipo inapiga asilimia. Tuseme nauli ya kontena imepanda kwa dola 2,000 na bidhaa zilizomo zinatozwa ushuru wa asilimia 25. Ushuru unaongezeka kwa dola 500. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya hizo 2,500, nayo ni dola 450. Dola 2,000 zimekuwa 2,950 kabla ya tozo nyingine na kabla lori halijatoka getini. Aliyesajiliwa VAT anaweza kuirudisha kwenye hesabu zake, lakini mwenye duka dogo ambaye hajasajiliwa anaimeza yote, au anaipandisha kwenye bei ya beseni.

Halafu kuna shilingi. Waagizaji wengi hukilipa kiwanda amana, kisha wanamalizia mzigo ukiwa tayari kusafiri. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Mtu aliyeagiza kwa hesabu ya awali na kumalizia kwa ile ya pili aliona faida yake ikiyeyuka bila kukosea popote kwenye biashara yenyewe.

Wenye mtaji hujikinga kwa kuagiza mapema na kurundika stoo, au kwa kuwa na viwanda viwili, kimoja China na kingine India au Uturuki. Ni kinga nzuri, ila ni ghali: fedha iliyolala stoo haizunguki. Kwa maoni yangu, kinga inayopuuzwa mno kuliko thamani yake ni bima ya mzigo.

Tazama yaliyowapata wenye mizigo kwenye Ever Given, meli ya mita 400 iliyoziba Suez kwa siku 6 Machi 2021 ikiwa na makontena zaidi ya 18,000. Iliponasuliwa, Misri iliizuia kwa madai ya fidia hadi Julai 7. Wakati huohuo wamiliki wa meli walitangaza kanuni ya kale ya bahari: gharama ya kuokoa safari hugawanywa kwa wote wenye mali ndani ya meli, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Kontena lako halijapata mkwaruzo, viatu vyako vikavu kabisa, lakini hukabidhiwi mpaka utoe dhamana ya mchango wako. Mwenye bima, kampuni yake huandika dhamana hiyo. Asiye nayo huweka fedha taslimu, na hesabu za mwisho zinaweza kuchukua miaka.

Ukinunua kwa bei ya CIF, yaani ile inayojumlisha mzigo, bima na nauli, muuzaji ndiye anayekata bima, na kawaida ya CIF humtaka akate ile ya kiwango cha chini tu. Hiyo inagusa ajali kubwa kama meli kuzama au kuungua moto, na huo mchango. Wizi na maji ya mvua havimo. Isitoshe, sheria ya Tanzania inataka bima ya mzigo unaoingia nchini ikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa hapa, kwa hiyo anayefuata utaratibu ataikata Dar na kuchagua mwenyewe kiwango chake.

Kibarua zaidi ni kwa wanaochangia kontena, yaani karibu wote wanaoanza. Pale Mtaa wa Kongo kontena moja la futi 40 linaweza kuwa na marobota ya watu ishirini, na hati ya shehena inabeba jina moja tu, la wakala. Likizuiliwa, linazuiliwa lote. Kabla ya kutuma hela, mwombe wakala nakala ya cheti cha bima, usome kama robota lako limetajwa na kwa thamani gani. Akisema bima ni ya kontena zima, muulize nani atalipwa kontena likipotea, naye akujibu kwa maandishi.