Anayekuja kukagua nyumba yako baada ya mafuriko anapaswa kujua nini?

Masika yakichachamaa Unguja, majina yanayosikika mwanzo ni yale yale: Ziwa la Mwanakwerekwe, Kibonde Mzungu, mitaa ya mabondeni ya Jang'ombe na Sebleni. Maji yakishuka, mwenye bima hupiga simu kwenye kampuni yake, nayo humtuma mtu mwenye daftari, kamera na futi ya kupimia. Huyo ndiye mkadiria hasara. Atakayoyaandika katika saa moja au mbili za ukaguzi yataamua kwa kiasi kikubwa kama familia itaweza kupiga lipu upya na kununua magodoro. Kwa hiyo mafunzo ya mtu huyu yanamhusu kila mwenye nyumba na kila mwenye duka, hata asiyewahi kuingia ofisi ya bima.

Kisheria jambo liko wazi. Chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) ndiyo inayosajili na kusimamia watoa huduma za bima, wakiwemo wakadiria hasara, Bara na Visiwani. Asiye na usajili hana haki ya kukalia kiti hicho. Lakini usajili ni mlango tu. Sisi tunaowafundisha wakadiria, vijana wengi hutufikia wakiwa na stashahada nzuri ya bima, wanajua kanuni ya fidia na kanuni ya uaminifu kwa moyo, na bado hawajawahi kusimama katika chumba ambacho maji yametoka jana.

Marekani wana mpango wa taifa wa bima ya mafuriko tangu 1968, na masharti yao kwa wakadiria ni mazito. Anayetaka idhini anatakiwa awe amekadiria hasara za majengo kwa miaka 4 mfululizo, kazi hiyo ikiwa ndiyo kazi yake ya kila siku, awe na bima ya kufidia makosa yake ya kitaalamu, afaulu mtihani, na ahudhurie mafunzo kila mwaka ili idhini yake iendelee. Hata akitimiza yote hayo, hana mamlaka ya kukubali wala kukataa dai. Anakagua, anapima, anapendekeza. Kampuni ndiyo inayoamua. Hili la mwisho natamani kila mwanafunzi wetu alibebe. Kijana anayesimama mlangoni na kumwambia mwenyeji "hii hailipwi" amevuka mpaka wake, na anayemwambia "usijali, utalipwa zote" amevuka zaidi.

Somo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni chanzo cha maji. Kwa kawaida hapa kwetu mafuriko huongezwa kwenye bima ya moto kama moja ya hatari nyingine, kwa hiyo mkadiria lazima asome hati ya bima kabla hajatoka ofisini: je, mafuriko yameandikwa? Yamefafanuliwa vipi? Kisha afike na kuuliza maji yalitoka wapi. Maji yaliyovuja kwenye bati bovu ni jambo moja. Yaliyotambaa juu ya ardhi kutoka bondeni ni jingine. Yaliyorudi juu kupitia shimo la karo ni la tatu. Na bahari iliyopanda ni la nne. Hati moja inaweza kulipa mawili kati ya hayo na kuyaacha mawili. Mwenyeji atasema "maji yaliingia," na amesema kweli, lakini ripoti haiwezi kuishia hapo.

Kwa mji wetu, mkadiria asiyejua bahari atapotea. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mvua kubwa ikigongana na maji makuu, mitaro inayomwaga baharini hukosa pa kumwaga, na maji hubaki mitaani. Aidha, sehemu za Darajani na Mnazi Mmoja ziko juu ya hori lililofukiwa, lililokuwa likiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kwa hiyo tunawafundisha wanafunzi kuandika tarehe ya mwezi mwandamo na saa ya maji kujaa pamoja na takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, naye huulizwa, kwa sababu anajua nyumba ngapi za jirani ziliingiliwa na maji saa ile ile. Nyumba moja ikiloa peke yake katika mtaa mkavu, hilo ni swali. Zikiloa kumi, ni ushahidi.

Kuta nazo zina habari. Mstari wa tope hupimwa kutoka sakafuni, ndani na nje, katika kila chumba. Mistari ikipishana sana, kuna sababu. Lipu iliyoanza kutoa unga mweupe wa chumvi mbali juu ya mstari huo huenda ina unyevu wa miaka mingi uliopanda kutoka kwenye msingi. Katika nyumba za mawe na chokaa zenye boriti za mikoko, kutenganisha uchakavu wa zamani na hasara ya juzi ni kazi ngumu sana, na mkadiria mpya asiachwe aifanye peke yake. Aandamane na mzoefu msimu mzima.

Lipo kosa ambalo wageni wa kazi hii hulifanya kwa nia njema: kumwambia mwenyeji asiguse kitu mpaka waje. Mwenye bima ana wajibu wa kuzuia hasara isizidi. Chukua ghala la karafuu Wete, Pemba. Karafuu kavu zikiloa, siku chache tu zinatosha kuziharibu kwa ukungu. Zikisubiri mkadiria avuke kutoka Unguja, zile ambazo zingeokolewa zitaoza pamoja na zilizokwisha kuharibika. Agizo sahihi kwenye simu ni hili: piga picha, hesabu magunia mbele ya shahidi, tenga sampuli, kisha anika. Kwenye nyumba ni vivyo hivyo: kata kipande cha zulia ukiweke, mengine yatoe nje. Na kabla ya yote, umeme uwe umezimwa.

Hesabu ndiyo huleta ugomvi mwingi. Tuchukue mfano wa duka lenye bidhaa za shilingi milioni 60 ambalo mwenyewe alilikatia bima ya milioni 30 ili ada iwe ndogo. Maji yameharibu bidhaa za milioni 12. Hati ikiwa na kipengele cha wastani, yaani kinachopunguza malipo kwa kadiri bima ilivyo pungufu ya thamani ya mali, atalipwa nusu, yaani milioni 6, kwa kuwa alikata bima ya nusu ya mali, na hapo bado hakijatolewa kiasi anachopaswa kukibeba mwenyewe. Mwenye duka akiambiwa nusu bila maelezo, ataona amedhulumiwa. Mwanafunzi asiyeweza kuifafanua hesabu hii kwa Kiswahili chepesi, akiwa amekaa barazani na mhusika, hastahili kufaulu hata kama mtihani wa karatasi ameupata wote.

Pia tunahitaji wanawake zaidi katika kazi hii, na nalisema kwa uzito. Ukaguzi wa mafuriko unaingia vyumbani, unafungua makabati, unahesabu nguo na vitanda. Mara nyingi anayemkuta mkadiria nyumbani ni mama peke yake. Mkadiria mwanamke anapokelewa ndani bila dhiki na anaonyeshwa yote. Mwanamume aliyepiga hodi bila sheha au jamaa wa nyumba huishia ukumbini, na ripoti yake hubaki na mapengo.

Kwa mwenye nyumba: mtu akija, muombe kitambulisho na jina la kampuni iliyomtuma, kisha ipigie kampuni uhakikishe. Tembea naye chumba kwa chumba. Usitie saini orodha ya vitu usivyovisoma, na bakisha nakala. Usipokubaliana na malipo, anza na kampuni kwa maandishi. Usiporidhika, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anapokea malalamiko ya wananchi dhidi ya kampuni za bima, na picha ulizopiga siku ya kwanza ndizo atakazotaka kuziona.