Blade alitangulia Wakanda

Wapenzi wa filamu za mashujaa wakikutana, hakosekani wa kusema Black Panther ya 2018, ile ya nchi ya kubuni ya Wakanda, ndiyo ya kwanza kumpa mtu mweusi nafasi ya shujaa mkuu. Si kweli. Robert Townsend aliongoza na kuigiza The Meteor Man mwaka 1993, na Michael Jai White akawa Spawn mwaka 1997. Hizo, tuseme ukweli, hazikutikisa sana.

Iliyotikisa ni Blade. Mwaka 1998 Wesley Snipes, koti refu jeusi, miwani ya giza, upanga mgongoni, aliwafyeka wanyonya damu, na filamu iliyogharimu takriban dola milioni 45 ikaingiza zaidi ya milioni 130. Naye ni mhusika wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni za mashujaa, aliyefika kwenye sinema kabla ya X-Men ya 2000, filamu nyingine ya wahusika wa Marvel. Lile pambano la mwanzo, disko linapomwagikiwa damu kutoka darini, bado linanisisimua kuliko mapigano mengi ya kompyuta ya siku hizi.

Black Panther, aliko Lupita Nyong'o wetu, ina ukwanza wake mwingine: hakuna filamu ya mashujaa iliyoitangulia kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora.